Mgonjwa Aliyetulia wa Gari Namba Saba

Nchi ninayoisimulia ipo. Msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote zimechukuliwa kwenda kuhakikiwa, na aliyezichukua naye hajulikani alipo. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa beti kumi na moja, na ina Wizara ya Uharaka, kitu ambacho majirani zetu hawana, ndiyo maana mambo yao huenda polepole.

Wizara hiyo ilizaliwa siku ambayo Mlinzi Mkuu wa Pumzi za Wananchi, hicho ndicho cheo cha kiongozi wetu na hakifupishwi bila kibali, alisomewa taarifa akiwa mezani. Taarifa ilisema kwamba mwaka uliopita watu mia nne na kumi na wawili walifia ndani ya magari ya wagonjwa ya Jiji Kuu. Mlinzi Mkuu aliweka paja la kuku chini. Wataalamu walikuwa wamekuja na mapendekezo yao: magari zaidi, mitungi ya oksijeni, barabara zisizo na mashimo. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatisha, kisha akasema maneno ambayo leo yamechongwa kwa herufi za shaba kwenye ukuta wa wizara:

"Sasa kwa nini msiwakataze?"

Ndivyo tulivyopata Sheria Namba Tisa, inayopiga marufuku mtu yeyote kufia ndani ya gari la wagonjwa. Bunge liliipitisha kwa kishindo. Mbunge mmoja alitaka kuzimia nako kukatazwe, lakini Spika alimsihi asiwe na pupa, tuanze na kufa kwanza. Tangu siku hiyo, kwa miaka miwili na miezi minne, hakuna raia hata mmoja aliyefia garini. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kujifunza. Walipiga picha na magari, wakapewa vinyago, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Havijawa Mtoro alikuwa nesi wa zamu ya usiku kwenye gari namba saba. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mnene kidogo, mwepesi wa mikono, na mwenye kasoro moja iliyoandikwa mara tatu kwenye faili lake: hupenda kusema jambo kama alivyoliona. Dereva wake alikuwa Pazi Kigalu, baba wa watoto sita, ambaye faili lake lilikuwa jeupe kabisa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitano. Pazi alimwita Sista, yeye alimwita Kaka Pazi, na alfajiri walipogawana muhogo wa kukaanga juu ya boneti ungedhani ni ndugu wa tumbo moja.

Gari lenyewe lilikuwa zima kiasi. King'ora kililia. Machela ilikuwa moja. Pale palipokuwa na mtungi wa oksijeni palitundikwa picha ya Waziri wa Uharaka, Mheshimiwa Dakta Injinia Nestori Fungamwango, akitabasamu, na chini yake maandishi: VUTA PUMZI, TUKO PAMOJA. Mtungi ulikuwa umehamishiwa kwenye msafara wa Waziri, kwa sababu za kiitifaki.

Usiku wa Alhamisi, saa nne na nusu, redio ya upepo ilikoroma. Kituo Mama, yaani ile ofisi inayoyapangia magari kazi, kiliwatuma Mtaa wa Kisimani kwa Mwalimu Mwinjuma Lukali. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye miaka sabini na mmoja, na kifua kilikuwa kimembana tangu magharibi. Walimkuta amekaa kitandani ameshika ukingo wa godoro, na mkewe, Bi. Nunu, anamfuta jasho kwa upande wa kanga. Wawili hao hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na sita, na bado waligombana kuhusu dirisha, lifungwe au liachwe wazi.

Walimlaza kwenye machela. Bi. Nunu akapanda nyuma, akakaa kando yake. Havijawa akampa dawa ya kuweka chini ya ulimi, akamfungua vifungo vya shati.

"Dereva," Mwalimu akasema kwa sauti iliyokatikakatika, "unapita wapi?"

"Barabara Kuu, Mwalimu."

"Pita Viwandani. Utaokoa kilomita mbili."

"Najua, Mwalimu. Lakini tunatakiwa kupita penye kamera za wizara, ili uharaka wetu uonekane."

"Ahaa," Mwalimu akasema. Alikuwa mtu wa kuheshimu utaratibu. Akafumba macho.

Basi wakapita Barabara Kuu, na kwenye mzunguko wa Sanamu ya Maendeleo wakakuta kamba imevutwa katikati ya barabara. Sajenti wa trafiki alisimama mbele yake kwa glavu nyeupe. Msafara wa Waziri wa Uharaka ulikuwa unatarajiwa kupita.

Havijawa alishuka mbio. "Afande, nina mgonjwa wa moyo. Nipishe, nusu dakika tu."

"Sista, msafara unapita."

"Sioni gari hata moja!"

"Bado Mheshimiwa yuko ukumbini anahutubia. Lakini akimaliza atapita, na akipita lazima akute barabara iko tupu. Au unataka kumchelewesha Waziri wa Uharaka? Hebu fikiria gazeti litaandika nini."

Havijawa alifikiria, akaona kweli gazeti litaandika. Hata hivyo akaomba tena. Akaomba kwa jina la Mungu, kwa jina la mama yake sajenti, hatimaye kwa kuishika ile kamba na kutaka kuiinua mwenyewe. Sajenti akamwondoa vidole kimoja kimoja, bila hasira, kama mtu anayechambua mboga. Alikuwa na amri, na amri ilikuwa na mhuri.

Walingoja dakika hamsini na mbili. Hotuba ya Waziri, ambayo ilirushwa moja kwa moja na ambayo Pazi aliisikia kwenye redio ya gari la jirani, ilihusu thamani ya dakika moja. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilifika mahali Waziri akawaomba wageni wote wasimame kwa dakika moja ili waone jinsi dakika ilivyo ndefu, kisha akawaomba wasimame nyingine, kwa kulinganisha.

Nyuma ya gari, Havijawa alikuwa amepiga magoti anasukuma kifua cha Mwalimu kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka puani. Bi. Nunu alishika miguu ya mumewe, akiisugua, akimwambia maneno ambayo mke humwambia mume na ambayo hayanihusu. Alipomaliza kuyasema Havijawa alikuwa bado anasukuma. Bi. Nunu akamshika bega.

"Mwanangu, acha."

"Bado kidogo, mama."

"Acha. Unamuumiza bure. Keshaondoka."

Havijawa akaacha. Akatazama saa yake: saa sita na dakika tano. Dakika kumi na moja baadaye msafara ulipita, magari thelathini na moja, king'ora kimoja kizuri kuliko kingine. Miongoni mwao yalikuwemo magari mawili ya wagonjwa, mapya, yenye mitungi minne ya oksijeni na vitanda vyenye shuka za rangi ya krimu, na ndani hamkuwa na mtu, kwa kuwa Waziri alikuwa mzima wa afya.

Kamba ikaondolewa. Havijawa akachukua redio.

"Kituo Mama, huyu ni Saba. Mgonjwa amefariki."

Redio ikakoroma. Mtu wa Kituo Mama usiku ule alikuwa Bwana Lutambi, Afisa Uhakiki, mwenye sauti ya upole sana.

"Saba, rudia. Hujasikika."

"Mgonjwa amefariki. Saa sita na dakika tano."

"Saba, mawimbi ni mabaya. Hali ya mgonjwa ikoje?"

"Bwana Lutambi, amekufa! Nimekaa naye hapa!"

"Mawimbi ni mabaya mno," Bwana Lutambi akasema kwa masikitiko. "Mimi ninaweza kukaa hapa mpaka asubuhi, Saba, sina haraka. Hali ya mgonjwa?"

Pazi aligeuka akamtazama Havijawa. Macho yake yalikuwa na watoto sita ndani yake. Havijawa akafumba macho. Siyo mara ya kwanza. Alikuwa ameshalisema neno lile mara nyingi kwa miaka miwili na miezi minne.

"Ametulia," akasema.

"Umesikika vizuri, Saba. Ametulia. Endeleeni hospitali."

Mtu ambaye hajui nchi yetu anaweza kudhani kwamba mambo yaliishia hapo. Zamani kidogo yangeishia hapo: hospitali ingempokea aliyetulia, ingengoja robo saa kwa heshima ya sheria, halafu ingetangaza kifo chini ya paa lake. Lakini mwezi uliopita hospitali nazo zilikuwa zimeona wivu kwa sifa za magari, zikaomba sheria yao. Zikapewa: hakuna kufia mapokezi.

Daktari wa zamu, Dokta Rwezaula, alitoka nje mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu, hajalala tangu juzi. Alipanda garini, akaweka kipimo kwenye kifua cha Mwalimu, akasikiliza muda mrefu.

"Huyu ni mzima," akasema.

"Dokta, mguse. Amepoa."

"Usiku una baridi."

"Taya limekaza!"

"Wazee wengi ni watu wa msimamo." Kisha akashusha sauti. "Sista, naomba unielewe. Wenzangu wawili walipokea kama huyu. Mmoja yuko kisiwani anatibu askari wa mnara wa taa. Mwingine hata sijui yuko wapi. Mke wangu amejifungua Jumapili."

Akaandika kwenye fomu: *Mgonjwa ana afya inayozidi uwezo wa hospitali hii. Apelekwe nyumbani au penginepo.* Akagonga mhuri, akamwambia Bi. Nunu, "Hongera, mama," kwa sababu fomu ilidai ndugu wapongezwe, akarudi ndani haraka akijifuta uso.

Wakaenda chumba cha maiti cha jiji. Mhudumu alikuwa mtu wa huruma, akawakaribisha hata chai. Lakini yeye hupokea wafu, na huyu alikuwa na karatasi yenye mhuri inayosema ni mzima. Angemlaza vipi mtu mzima kwenye jokofu? Hiyo ingekuwa mauaji.

Basi gari namba saba likaanza kuzunguka jiji. Wakapita Soko la Juu, wakapita uwanja wa mpira, wakarudi Soko la Juu. Havikuwa vituko vyao peke yao. Walipishana na gari namba tatu, dereva wake akapunga mkono kwa uchovu. Nalo lilikuwa na bibi mmoja aliyetulia tangu Jumatano. Bi. Nunu alikuwa amemfumba mumewe macho na kumfunga kidevu kwa kitambaa. Hakulia. Alimwambia Havijawa tu kwamba Mwalimu anapaswa kuoshwa na kuzikwa mapema, ndivyo inavyotakiwa, na kwamba sanda yake iko tayari kabatini, aliinunua mwenyewe akaipenda.

"Atazikwa, mama," Havijawa akasema. "Kukicha nitakwenda mwenyewe wizarani."

"Utawaambia nini?"

Havijawa akainama kurekebisha mkanda wa machela.

Saa tisa na nusu redio ikalia tena. Mwanamke anaitwa Siwatu, mimba ya miezi tisa, anatokwa damu nyingi, Mtaa wa Machinjioni. Aliyepiga simu ni kaka yake, simu ikaunganishwa redioni, na nyuma ya sauti yake ilisikika sauti ya Siwatu akilia. Kituo Mama kilikuwa kinauliza gari lipi liko tupu. Hakuna lililojibu. Jiji lilikuwa na magari kumi na matano usiku ule: mawili yamekwenda kuupamba msafara, tisa hayana mafuta, na manne yanazunguka na waliotulia.

"Tuko dakika nne kutoka Machinjioni," Havijawa akasema.

"Sista, usianze," Pazi akasema. "Machela ni moja. Na kanuni ni gari moja, mgonjwa mmoja."

"Kaka Pazi, unamsikia huyo dada?"

"Namsikia." Pazi alikuwa ameshika usukani kwa nguvu kama unataka kumtoroka. "Namsikia, Sista. Wangu wa tano alizaliwa hivyohivyo."

Bi. Nunu akainua kichwa. "Huyo binti yu hai?"

"Yu hai, mama. Kwa sasa."

"Sasa mnangoja nini? Mshusheni mume wangu."

"Mama, hatuwezi kumwacha Mwalimu barabarani."

"Hamumwachi. Mnaniachia mimi." Alikuwa tayari anakusanya kanga zake. "Alifundisha miaka thelathini na nane. Kusimamishwa barabarani kwa ajili ya mtoto hajawahi kukataa. Simama pale, dereva. Penye taa."

Walimshusha mbele ya jengo la posta, kwenye benchi la zege. Walimlaza vizuri, Bi. Nunu akakaa upande wa kichwani, akakipakata. Havijawa akavua sweta lake la kazi, akamvika mama mabegani.

"Nusu saa, mama. Nitarudi."

"Nenda."

Nitasema kwa kifupi yaliyotokea Machinjioni, kwa kuwa kisheria hayakutokea. Siwatu walimkuta sakafuni, mweupe kama karatasi. Havijawa alimwekea dripu gizani, kaka mtu akimulika kwa simu. Mtoto alizaliwa kwenye mzunguko wa Sanamu ya Maendeleo, ambako safari hii hakukuwa na kamba. Alikuwa wa kike, na alilia kabla hajaguswa. Dokta Rwezaula alipofungua mlango wa gari akakuta watu wawili walio hai, alichanganyikiwa kwa furaha, akamkumbatia Havijawa pamoja na damu zake zote. Siwatu akapelekwa ndani, akapona.

Walirudi posta saa kumi na mbili kasorobo. Nusu saa ilikuwa imegeuka saa mbili. Palikuwa na polisi sita, wapiga picha watatu, na Bwana Lutambi mwenyewe, ana faili kwapani. Bi. Nunu alikuwa bado amekipakata kichwa cha mumewe, na askari alikuwa akimwomba kwa adabu ainue mkono ili picha itoke vizuri.

Muda si mrefu Waziri akafika. Alikuwa ameamshwa, na alikuwa na furaha ambayo aliizuia kwa shida.

"Amekufa?" akauliza.

"Amekufa kabisa, Mheshimiwa," Bwana Lutambi akasema.

"Na hapa ni nje ya gari?"

"Nje kabisa, Mheshimiwa. Mita nane kutoka barabarani. Tumepima."

Waziri akavua kofia, akawageukia wapiga picha. "Ndugu wananchi," akasema, "leo ni siku ya huzuni. Mzee huyu, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu za redio, alikuwa ametulia. Daktari bingwa alithibitisha kwa maandishi kuwa ni mzima kupita kiwango. Akatolewa ndani ya gari letu, mahali ambapo hakuna anayekufa, akatupwa kwenye benchi, mahali ambapo yeyote anaweza kufa. Nani atabisha sasa kwamba magari yetu ni salama?"

Hakuna aliyebisha. Havijawa alifungua mdomo, na kabla hajasema akatiwa pingu.

Alishtakiwa kwa kumuua Mwalimu Mwinjuma Lukali kwa kumwondoa garini akiwa hai.

Pazi alihojiwa siku moja. Alipotoka alikuwa ametia saini maelezo ya mistari minne: kwamba yeye ni dereva, kwamba dereva hutazama mbele, kwamba yaliyotokea nyuma hayajui, na kwamba anaipenda nchi yake. Wiki iliyofuata akapandishwa cheo, akapewa moja ya yale magari mawili ya msafara, yenye shuka za rangi ya krimu. Inasemekana hali ndani ya gari hilo ni nzuri mno, lina kiyoyozi, na kwamba Pazi huendesha akiwa amefungua dirisha, kwa sababu anasema humo ndani hapumui vizuri.

Siwatu naye, kabla hata hajapata nguvu, alikwenda mahakamani na mtoto mgongoni, akataka kutoa ushahidi. Karani akatafuta jina lake akalikosa. Alimweleza taratibu kwamba kwa saa anayoitaja gari namba saba lilikuwa na mgonjwa mwingine, na gari moja lina mgonjwa mmoja, kwa hiyo yeye hakubebwa. Kumbukumbu zilionyesha amejifungulia nyumbani, kwa moyo wa kujitegemea, na kulikuwa na cheti cha pongezi kinachomsubiri dirisha la pili.

Shahidi aliyebaki alikuwa Bi. Nunu, na hapo serikali ilikwama kidogo. Mwili wa Mwalimu ulikuwa sasa Kielelezo Namba Moja. Kielelezo hakitoki jokofuni mpaka mlalamikaji atie saini, na mlalamikaji ni mjane, na maelezo aliyoletewa mjane atie saini yalisema mumewe alishushwa garini akiwa anapumua.

"Hakuwa anapumua," Bi. Nunu akasema.

"Mama, wewe ni daktari?" Bwana Lutambi akauliza.

"Mimi ni mkewe."

"Basi tukisema wewe si daktari tutakuwa hatujakosea."

Akakataa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi alikwenda chumba cha maiti akiwa na sanda ndani ya mfuko wa nailoni, akakaa kwenye ngazi, jioni akarudi nayo. Siku ya tano umeme ulikatika mchana kutwa, na yule mhudumu mwenye huruma akatoka kumwambia, huku anatazama pembeni, kwamba leo asikae karibu na mlango. Siku ya sita ukakatika tena. Bwana Lutambi alikuwa akimtembelea kila jioni na ile karatasi. Hakumtisha hata mara moja. Alimuuliza tu, kwa ile sauti yake, kama Mwalimu alikuwa mtu wa kupenda usafi.

Siku ya nane Bi. Nunu aliomba kumwona mtuhumiwa. Waliruhusu, kwa matumaini kwamba atamtukana.

Havijawa alikuwa amekonda. Alisimama nyuma ya nondo, akamwamkia, "Shikamoo, mama," na mama akasogea mpaka kwenye nondo.

"Mwalimu amezikwa?" Havijawa akauliza.

"Bado. Wanataka nitie saini kwamba umemuua."

Mahabusu wenzake waliokuwa wanabishana kuhusu ndoo wakageuka kusikiliza.

"Tia saini, mama."

"Nitie saini uongo juu ya mtu aliyepiga magoti kwa ajili ya mume wangu?"

"Watanifunga hata usipotia. Hukumu wameshaichapa, karani mmoja kaniambia. Ni miaka sita. Wewe ukikataa mimi nafungwa na Mwalimu anabaki kule. Ukikubali nafungwa, lakini yeye anazikwa." Akashika nondo. "Mimi nimetia saini wangapi, mama? Kila usiku. Ametulia, ametulia. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyekaa pale ulipokaa wewe, wakanisikia, na sikuwahi hata kuwaomba radhi. Tia saini. Mpeleke mwenzio akaoshwe."

Bi. Nunu aliingiza mkono katikati ya nondo, akamshika shavu. Kisha akatoka nje, akaiomba ile karatasi, akatia saini. Aliandika taratibu sana, na Bwana Lutambi, aliyezoea watu wenye haraka, ilibidi angoje.

Kesi ilichukua dakika kumi na nne. Hakimu alisifu ushirikiano wa mjane, akampa Havijawa miaka sita, akakumbusha kwamba sheria zetu zina huruma, kwani nchi nyingine mtu huyu angenyongwa. Mchana uleule Mwalimu alizikwa. Waliomwosha walifunga pua kwa vitambaa, na sanda ilikuwa pana, kwa kuwa aliinunua enzi za unene wake. Wanafunzi wake wa zamani walijaa mpaka barabarani. Wizara ilituma shada la maua na picha ya Waziri. Takwimu za mwaka zilitoka mwezi uliofuata: vifo ndani ya magari, sifuri, vifo kwenye mabenchi, kimoja, na mhusika ameshughulikiwa. Mabenchi yote ya Jiji Kuu yakang'olewa kama tahadhari.

Jumamosi ya kwanza ya kutembelea wafungwa, Bi. Nunu alikaanga maandazi ishirini, akayafunga kwenye kitambaa, akapanda basi mpaka gereza la wanawake. Afisa wa geti, mama mmoja mrefu anayeitwa Koplo Tunsume, alifungua daftari.

"Unamtembelea nani?"

"Havijawa Mtoro."

"Uhusiano?"

"Mwanangu."

Koplo akasoma faili, akarudia kusoma. "Hapa panasema amemuua mume wako."

"Panasema hivyo."

"Ndugu wa marehemu haruhusiwi kumwona muuaji. Ni kwa usalama wako." Akakifungua kile kitambaa, akanusa. "Lakini chakula kinaweza kupita. Lazima kikaguliwe."

Akalikagua andazi la kwanza mpaka likaisha. Akaita wenzake wawili waje kusaidia ukaguzi. Bi. Nunu alisimama kwenye jua akawatazama wakikagua mpaka la ishirini, akakunja kitambaa chake, akaondoka.

Jumamosi ya pili alileta arobaini. Zamu ya geti ilikuwa imeongezeka, nadhani habari zilikuwa zimeenea, na yote arobaini yalikaguliwa. Ya tatu alileta hamsini, na akayatia iliki. Maafisa walimpa kiti. Ya nne walimpa na maji ya kunywa.

Jumamosi ya tano alifika na beseni. Alikuwa amekaanga tangu usiku, maandazi themanini, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya mafuta. Maafisa walikula wakashiba, wakafunga mengine kwenye magazeti ya kupeleka nyumbani, wakalegea kwenye kuta. Chini ya beseni yalikuwa yamesalia manne. Koplo Tunsume aliyatazama, akaweka mkono tumboni, akaona hayawezi. Akayachukua akaingia nayo ndani. Alikawia. Aliporudi, mikono yake ilikuwa mitupu, na hakumtazama Bi. Nunu machoni.

"Anasema yamefika."

"Amekula?"

"Amekula. Amekula amesimama." Koplo alifunga daftari lake. "Anauliza kama mikono yako haijaungua."

Bi. Nunu alirudisha viganja vyake ndani ya kanga.

"Mwambie sijaungua," akasema. Akabeba beseni lake, akaenda sokoni kununua unga.